Fimbo ya Zamda

Kuna neno moja hapa Arusha, ukishalitoa mdomoni huna tena mamlaka nalo. Neno lenyewe ni "mwizi". Ukilipiga kwa sauti barabarani, hakuna atakayekuuliza mwizi gani, kaiba nini, au kama una hakika. Mwenye spana anakuja na spana, mwenye jiwe anakuja na jiwe, asiye na kitu anavua mkanda. Zamda alilijua hilo tangu anatambaa, maana kazaliwa Daraja Mbili na kakulia hapo hapo. Na bado alilitoa.

Wanaomjua Zamda, Mama Hafidha, wanamjua kwa mdomo. Kibanda chake cha katambuga, viatu vya mpira wa tairi, kipo kando ya barabara, turubai juu, matairi mabovu nyuma, na ukipita umevaa viatu vibovu atakusikia tu. "We baba, soli hiyo inalia, unaipeleka wapi?" Haoni, lakini kila soli inayoburuzwa lami anaijua ina hali gani. Mwenzake wa kazi ni Saning'o, mtu wa Terrat, kiziwi wa kuzaliwa. Huyo ndiye anayekata tairi kwa kisu, anatoboa, anapigilia mikanda. "Saning'o ni mikono, mimi ni mdomo na masikio," Zamda huwaambia wateja. "Mkituunganisha, mnapata mtu mmoja na chenji inabaki."

Macho yake hayakupotea kwa ugonjwa peke yake. La kushoto lilikwenda kwa presha ya macho akiwa msichana. La kulia alilimaliza mumewe, Twahir, kwa ngumi, jioni moja ya Ramadhani, kisa uji wa futari ulikuwa na madonge. Daktari alisema kuna kitu ndani ya jicho kimebanduka na hakirudi. Twahir alipoona alichokifanya alikimbilia Singida, na huko huko akafa, kitandani kwake, hajarudishiwa hata kofi. Watu wakimwambia Zamda msamehe marehemu, anajibu nimeshasamehe, na meno yameumana. Hasira ile aliibeba miaka yote, hana wa kumtua.

Mtoto wao pekee, Hafidha, alipopata kazi kwenye shamba la maua Usa River, kitu cha kwanza alichomletea mama yake kilikuwa simu ya kugusa. Zamda alikasirika. "Unamletea kipofu kioo? Nijitazame?" Hafidha akaiwasha ile programu ya kusoma kioo, na simu ikaanza kusema kila kilichoguswa. Ukigusa mara moja inakutajia, ukigusa mara mbili inafungua. Haikupita muda Zamda akawa anapiga, anapokea, anasikiliza ujumbe, anazozana kwenye kundi la kikoba. Sauti aliiongeza kasi mpaka wenye macho wakawa hawaambulii kitu. Mwanga wa kioo aliuzima kabisa, kikawa cheusi muda wote. Ya nini taa kwa asiyeona, tena mji wenyewe huu wa watu wa kuchungulia? Ukiiona simu yake mkononi utadhani imekufa.

Lakini raha ya ile simu ilikuwa kwa Saning'o. Zamani alikuwa anamwandikia Zamda herufi kiganjani kwa kidole, na mazungumzo ya jozi moja ya viatu yakianza asubuhi, adhuhuri inawakuta hawajafika kwenye kisigino. Sasa Zamda anamwashia mwanga kidogo, anasema, simu inaandika kwa herufi kubwa, Saning'o anasoma, kisha anauzima. Saning'o anaandika, simu inasema. Sentensi yake ya kwanza kabisa aliyoipa sauti ilikuwa hii: "Mama Hafidha, unaongea sana." Zamda alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Na fimbo yake nyeupe ilipolika ncha, Saning'o aliichongea kiatu cha mpira wa tairi, mzito, ili isiteleze kwenye lami. Fimbo ikawa nayo imevaa katambuga.

Sasa, siku yenyewe.

Alikuja kijana, sauti laini, shikamoo nyingi. Akauliza bei, akauliza saizi, kisha akasema, "Eti mama, nasikia hiyo simu inaandika mtu anavyosema. Kweli?"

"Sema uone," Zamda akamwambia, akaisogeza mbele kwa majivuno, maana alipenda kuionyesha.

Kijana akaikwapua, na nyayo zake zikatimua mbio.

"Mwizi!" Zamda akapiga ukelele uliomkwaruza koo. "Mwiziii! Simu yangu! Mkamateni! Mwizi!"

Saning'o hakusikia hata neno moja katika hayo. Aliona mkono tu. Aliuona mkono ukinyakua simu, na simu ile ilikuwa mdomo wake, ndiyo sauti pekee aliyowahi kuwa nayo duniani. Alikurupuka akamfuata. Na hapa ndipo ninapotaka kumshika mtu shingo, sijui nani: alikurupuka na kisu cha kukatia tairi kikiwa bado mkononi.

Mwizi alikuwa mjanja. Kugeuka nyuma akaona jitu limetoa macho, limeshika kisu, linakuja. Na yeye akapiga ukelele, "Mwizi! Mwizi huyo nyuma! Ana kisu!" Watu wakatazama. Wameona nini? Kijana msafi anakimbia kuokoa roho yake, na mwanaume mwenye kisu anamfukuza. Wakamwambia, "Simama! Tupa kisu!" Hakusimama. Wakamwambia tena, mmoja akamtupia jiwe. Hakujibu. Nani asiyejua kwamba asiyejibu ana hatia? Wakamtega mguu karibu na daraja la pili, akaanguka, wakamfunika.

Zamda hakuyajua haya. Yeye alikuwa amesimama kibandani, anasema, "Saning'o, wamechukua simu! Saning'o!" Anasahau kwamba bila simu maneno yake hayafiki kwa Saning'o. Aliamini yuko pale nyuma kwenye matairi, kwa sababu kibanda hakiachwi wazi, ndiyo sheria waliyowekeana. Alisubiri kuguswa bega. Badala yake pikipiki ikafunga breki mbele yake.

"Mama, wewe ndiye umeibiwa simu?" Ni dereva wa bodaboda, Prosper, wa kijiwe cha kule ng'ambo, hawakuwa wanajuana. "Kashakamatwa! Wanamfundisha adabu darajani. Panda twende!"

"Kakamatwa?" Zamda akasema. "Alhamdulillahi! Nipeleke!" Akapanda na fimbo yake mapajani.

Kipigo kina sauti zake, na Zamda anazijua zote. Ya mgongoni ni nzito. Ya kichwani ni kavu. Ya tumboni haina mlio, unasikia pumzi tu ikitoka. Alizisikia zote kabla pikipiki haijasimama, na nitasema ukweli kama yeye mwenyewe anavyousema: alifurahi. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kipigo kilikuwa kinampigania yeye.

"Vunja mikono!" mtu alikuwa anapiga kelele. "Mikono ndiyo inaiba!" Spana ya magurudumu ikagonga kitu juu ya lami, ikagonga tena.

"Pisheni, pisheni!" Prosper akapaza sauti, kamshika Zamda kiwiko. "Mwenye simu huyu hapa! Mama wa watu haoni! Mpeni nafasi!"

Watu wakapisha. Ndiyo adabu ya mtaani, kama inastahili kuitwa adabu. Aliyeibiwa akifika, wengine wanashusha pumzi kidogo ili na yeye aweke mkono wake. Akishapiga mwenye mali, basi, mambo yamehalalika, hakuna wa kesho kusema tulimwonea mtu. Wakamsogeza mpaka miguu yake ikagusa mwili uliolala. Sauti ya kike ikamwambia, "Maliza hasira zako, mama."

"Mshenzi mkubwa!" Zamda akasema. "Kipofu ndiye umemwona wa kumwibia?"

Akainua fimbo kwa mikono miwili, ncha ya mpira juu, akaishusha kwa nguvu zote za mwili wake. Ilitua kwenye nyama. Akainua tena, akashusha tena. Katika fimbo ile Twahir alikuwemo, uji wa madonge ulikuwemo, na Singida ilikuwemo, na kitanda alichofia mtu bila kurudishiwa.

Ndipo aliyelala chini akatoa sauti. Haikuwa kilio cha mtu mwenye maneno. Ilikuwa sauti nene inayoanza chini kooni na kukatika ghafla, sauti ambayo Zamda aliisikia kila Saning'o anapojikata kidole, na kila anapocheka.

Fimbo ikamtoka mkononi. "Ya Rabi," akasema. Akapiga magoti, akapapasa. Kifua kilichochanika shati. Uso uliolowa. Akaenda kwenye mkono, kulitafuta lile sugu la kisu chini ya kidole gumba, akalikuta, na vidole vilivyobaki vikawa vinakwenda upande usio wao. Zamda akalia mlio mmoja, akajilaza juu yake mzima mzima.

"Siye! Siye jamani! Huyu Saning'o, wa kibandani kwangu! Ni kiziwi! Hasikii, ndiyo maana hakusimama!"

Kisha mtu akacheka. "Amejuaje, wakati haoni?"

"Mama kachanganyikiwa huyo. Mtoeni."

"Au wako genge moja! Mbona anamjua kwa kumpapasa?"

Teke likampata Zamda ubavuni. Mtu akamvuta ushungi, na yeye akazidi kung'ang'ania. "Leteni tairi!" wakaanza kusema, wengi kwa pamoja, na pua yake ikapata petroli, imeshafika, iko kwenye chupa karibu na kichwa chake. Saning'o alikuwa anahema kwa mikato chini yake. Zamda alimsomea shahada masikioni mtu wa Kilutheri asiyesikia, maana hakuwa na kingine cha kumpa.

Ilikuwa saa ya wafanyakazi wa maua kula. Na Hafidha, kama kila siku akikaa na sahani yake, alimwandikia mama yake.

"Ujumbe. Hafidha," ikasema sauti moja ya haraka haraka, ya juu, kutoka kifuani kwa mtu aliyesimama kwenye duara lile lile. "Mama, umekula? Leo wametupa wali maharage."

Mawe yakasita mikononi. Mtu yule akajipiga kifuani kuinyamazisha. Aliamini imezimika, kioo kilikuwa cheusi tangu alipoikwapua. Akaingiza mkono ndani ya koti, na kila alipogusa ikawa inamtaja. "Kamera. Saa. Mipangilio. Gusa mara mbili ili kufungua. Hafidha. Mama, umekula?"

"Hiyo ndiyo simu yangu!" Zamda akapaza sauti bila kuinua kichwa. "Muulizeni huyo! Muulizeni huyo anayesema!"

"Nimeiokota, jamani," ile sauti laini ya shikamoo ikajibu. Alikuwa amesimama pale muda wote. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutaja tairi, watu walikuja kukumbuka baadaye.

Wakamgeukia. Ni wale wale, kwa mikono ile ile, na sauti zikaanza upya, nzito, kavu, na ile isiyo na mlio. Hakuna aliyesema pole kwa wa kwanza. Zamda hakuwazuia, na sitamsingizia wema ambao hakuwa nao siku hiyo. Polisi walimwahi yule kijana akiwa hai. Prosper, aliyekuwa amesukumwa pembeni, alirudi analia, akaokota simu, akambandika Zamda mkononi, kioo kimelowa. Wakampakia Saning'o mshikaki kwenye pikipiki ya Prosper, yeye katikati, Zamda nyuma kamkumbatia, mpaka hospitali.

Aliishi. Mbavu zilivunjika, meno yalitoka, na mikono yote miwili ikafungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka kwenye viwiko. Daktari alisema vidole vingine vitakunja na vingine havitakunja, na kuhusu kisu cha tairi, tusubiri. Mtu anayeongea kwa mikono, mikono ikafungwa.

Zamda alikwenda siku iliyofuata bila fimbo. Alipapasa ukuta wa wodi kitanda kwa kitanda, akajigonga magoti, mpaka nesi akamshika mkono. Akakaa. Akawasha simu, akaifungua ile sehemu ya kuandika, akauwasha na mwanga ambao kwa ajili yake mwenyewe hakuwahi kuutaka, akaishika mbele ya uso wa Saning'o.

"Sikujua ni wewe," akasema. "Wallahi sikujua. Nilidhani uko kibandani. Saning'o, sikujua."

Akasubiri. Halafu likamjia wazo ambalo halikuwahi kumjia katika miaka yote ya kazi yao: atajuaje kama anasoma? Akanyoosha kidole taratibu, akagusa kope. Zilikuwa zimefumbwa.

"Amelala, nesi?"

Nesi akamwinamia sikioni. "Hajalala, mama. Sasa hivi tu alikuwa anatazama dirishani. Kakuona unaingia, akafumba."

Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Anakaa, anasema sikujua, simu inaandika kwa herufi kubwa, anagusa kope, zimefungwa. Prosper, aliyekuwa sasa anamleta kila siku bila kuombwa, alijaribu na yeye. Akaja na machungwa. "Mama, mimi ndiye niliyekupeleka. Mwambie ni kosa langu." Zamda aliyarusha machungwa sakafuni, wodi nzima ikageuka. "Ulinipeleka, ndiyo! Ulinishika mkono ukaninyanyulia fimbo? Okota machungwa yako utoke!" Prosper akaokota, akatoka, akamsubiri nje amrudishe nyumbani.

Hafidha alikuja kutoka Usa River, akamkuta mama yake hajala. "Mama, kiziwi akifumba macho amefunga mlango. Huwezi kuuvunja. Subiri."

"Nimemwambia ukweli," Zamda akasema. "Sikujua. Anataka ukweli gani mwingine?"

Jibu lilikuja mchana mmoja wa mvua. Zamda alikuwa ameshasema yake, mkono umemchoka, simu imelegea ikaegemea mto wa kitanda. Akahisi kioo kinasukumwa. Simu ikasema, "U." Akadhani kidole chake kimegusa. Ikasema, "L." Akanyoosha mkono polepole, akakuta Saning'o ameinama, anagusa herufi kwa ncha ya pua, anainua kichwa, anatafuta nyingine, anahema. Zamda akaishika simu kwa mikono miwili isiyumbe.

"I," simu ikasema. "C. H. E." Mbavu zilimuuma, akapumzika, akarudi. "K. A."

Kisha simu ikaliunganisha neno, haraka haraka, bila huruma, kama inavyosoma kila kitu.

"Ulicheka."

Zamda alijigusa uso, midomo, mashavu, uso ambao hajauona tangu jioni ya ule uji. Hakuna aliyemwambia. Watu wote wale walimtazama na hakuna aliyemwambia. Saning'o peke yake, amelala chini, macho ndiyo masikio yake, alimwona anakuja, akadhani ameokoka. Akaona fimbo yenye mpira aliouchonga mwenyewe ikipanda juu, na chini yake akaona Mama Hafidha anacheka.

Angeweza kusema hapana. Neno "sikujua" lingempa pa kujificha maisha yake yote, na lingekuwa kweli.

"Nilicheka," akasema. Akaisogeza simu karibu na uso wa Saning'o ili iandike. "Kama uliniona nacheka, basi nilicheka. Nilifurahi. Fimbo ya kwanza nilifurahi, na ya pili nikafurahi zaidi. Sikukupiga wewe, lakini nilimpiga mtu, na sikuuliza ni nani, na ilikuwa tamu, Saning'o. Sijawahi kukueleza habari ya Twahir. Ngoja nikueleze. Alinipiga kwa ajili ya uji."

Akaeleza yote, mvua ikawa inapiga bati. Halafu, akiwa bado ameishikilia simu kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine mpaka usoni kwa Saning'o, akatafuta jicho, akatua kidole juu ya kope kwa woga.

Lilikuwa wazi. Chini ya kope mboni ilikuwa inakwenda polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Alikuwa anasoma.